Inzi wa Bwana Dezire

Mwezi uliopita, kwenye harusi ya mwalimu mwenzangu huko Bujumbura, kijana aliyekuwa akigawa vinywaji alijikwaa kwenye mguu wa kiti na kumwaga chupa ya bia juu ya sahani ya ndagala iliyokuwa katikati ya meza yetu. Povu lilikaa juu ya samaki wale wadogo, likapasuka taratibu, na harufu ikapanda: uchachu mtamu wa kinywaji, na chini yake ule uvundo wa samaki mkavu aliyelowana upya. Wenzangu walicheka. Mmoja alikung'uta ndagala yake na kuendelea kula. Mimi niliinuka, nikapita kati ya meza kwa mwendo usiomfaa mtu wa umri wangu na unene wangu, nikafika nyuma ya ukumbi, nikashika ukuta kwa mikono miwili, na kilichotokea hapo hakikuwa na heshima yoyote.

Niliporudi, jirani yangu wa mezani aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni mimba. Nimebakiza kidogo kufika hamsini. Nilimshukuru kwa imani yake, nikamwambia ni joto.

Ningemweleza nini? Kwamba niliwahi kuwa mcheza filimu? Nawaeleza ninyi kwa sababu hamnioni usoni.

Ndiyo, nilikuwa mcheza filimu, na hata televisheni ya taifa ilinijua. Msifikirie magauni wala picha za magazetini. Mimi nilikuwa mtoto wa filimu za afya. Nilihara, nilitapika, nilijikuna, nilitetemeka kwa homa, nilikutwa na minyoo. Zaidi ya mara moja nilikufa, na mara moja nilizikwa, ingawa jeneza lilikuwa la kuazima na seremala alisimama pembeni akisubiri lirudi bila michubuko. Kipaji changu kilikuwa kimoja tu: mbavu. Zilionekana hata kwa mbali, hata kwenye zile televisheni ndogo zenye chengachenga. Nilipoanza kunenepa kazi ikaisha, maana mtoto mwenye mashavu hamfai mtu anayetaka kuwaogopesha wengine. Baadaye nilisoma chuo kikuu, nikaandika insha kuhusu mambo mazito, na katika maelezo ya maisha yangu sijawahi kutaja kwamba watu wa mwambao mzima, kutoka Gitaza hadi Kigwena, waliwahi kuniona nikitapika kwa karibu sana.

Yote yalianzia kwenye vichanja vya mama yangu, Rumonge.

Mama alikuwa akiuza ndagala, yaani dagaa wa ziwa letu. Baba alikwenda Kalemie kutafuta kazi nilipokuwa sijaota meno ya mbele, na akaendelea kuitafuta. Kwa hiyo tulikula ndagala, tulivaa ndagala, na ada yangu ya shule ilikuwa ndagala. Wanawake wengi pale ufukweni walianika samaki wao juu ya mchanga. Mama hakupenda hivyo. Alikuwa na vichanja vya miti vilivyotandikwa nyavu kuukuu, vimefika usawa wa kifua chake, na samaki alizisuuza kwanza kwa maji ya mbali, yale yaliyo ng'ambo ya matete, si maji ya pale wanapooga watu na mbuzi. Alizigeuza kwa vidole, si kwa fagio. Juu yake alitandaza wavu mwingine safi. Watu walimcheka kwamba anazilaza samaki kitandani na kuzifunika shuka.

Lakini kwetu mnunuzi wa ndagala hanunui kwa macho. Huingiza mkono chini kabisa ya fungu, anachomoa moja, anauma kichwa, halafu ananyamaza. Anasikiliza meno yake. Kama kuna mchanga, utalia. Ndagala za mama hazikulia. Ndiyo maana Bwana Nasoro, mjukuu wa Waarabu wa Omani mwenye duka kubwa Bujumbura, alikuwa akishuka na pikapu yake hadi Rumonge, akauma kichwa kimoja kwa upande wa kushoto, kwa kuwa upande wa kulia hakuwa na meno, akanyamaza, kisha akasema "haya", na mzigo wote ukapakiwa. Hakujaribu cha pili. Neno hilo moja ndilo lililokuwa maisha yetu.

Masika ya mwaka ninaousimulia, kolera iliingia Rumonge. Wengine huiita kipindupindu. Sisi tuliiita kolera, na tuliitaja kwa sauti ya chini kana kwamba inasikia. Ilimchukua mama mdogo Amina, mdogo wake mama wa pekee, kati ya asubuhi na alasiri. Asubuhi alikuwa akinisuka. Sitaeleza zaidi.

Mvua zilipopungua likaja gari jeupe kutoka Bujumbura, na ndani yake Bwana Dezire. Alikuwa mtengeneza filimu. Alisomea kazi hiyo Ulaya na alivaa fulana yenye mifuko mingi, yote mitupu. Alikuja na mpiga picha, mtu wa kushika kipaza sauti kilichovikwa manyoya kama mkia wa mbuzi, na dereva. Walitembea ufukweni wakitazama wanawake kama watu wanaochagua kitambaa. Walipofika kwetu, Bwana Dezire alimsikiliza mama akibishana na mnunuzi, akaipenda sauti yake. Kisha akaniona mimi. Nilikuwa nimetoka kwenye malaria na nilikuwa nimesimama bila blauzi.

"Huyu mutoto ni wako?" aliuliza.

"Ni wangu. Anaitwa Zaina."

"Iko mugonjwa?"

"Amepona."

"Vizuri," alisema Bwana Dezire, lakini alisema kwa huzuni.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kumweleza mama. Filimu ingekuwa na vipande viwili. Katika cha kwanza kuna mama mchafu, na mtoto wake anapata kolera. Katika cha pili, mama yuleyule amejifunza, amekuwa msafi, na mtoto anapona.

"Kile cha pili tunakipiga hapahapa, kwa vichanja vyako," alisema. "Watu wote waone vile unafanya. Watajifunza kwako, mama."

"Na jina langu litasemwa?"

"Jina lako na jina la Rumonge."

Mama alitazama upande wa makaburi, halafu akanitazama mimi. "Kama Amina angeonyeshwa," alisema, "pengine angekuwa hapa. Sawa. Nitakuwa muchafu siku moja."

Siku ya kupiga filimu, mama aliamka mapema na kufanya kosa ambalo angelifanya yeye tu: alisafisha. Alifagia uwanja, akaosha vichanja, akanipaka mafuta hadi nikang'aa. Bwana Dezire alipofika alishika kiuno. Walimwaga taka za mawese kutoka kwenye kinu cha jirani mbele ya mlango wetu, nami nikapakwa vumbi juu ya mafuta, vumbi likashika vizuri sana. Lakini samaki zilibaki tatizo. Mpiga picha aliinama juu ya kichanja kwa muda mrefu.

"Hakuna inzi," alisema.

"Kwangu hakuna inzi," alisema mama.

"Njo tatizo, mama," alisema Bwana Dezire kwa upole. "Bila inzi, watu watajua je kama hii ni kolera?"

Walijaribu maji ya sukari. Wakaja inzi wachache, wakazunguka kwa mashaka kama wageni waliokosea nyumba. Dereva ndiye aliyepata wazo. Alikwenda sokoni na kurudi na kidumu cha njano, akasema ni umutobe, maji matamu ya ndizi. Mama Fideli, jirani yetu aliyeanika samaki wake mchangani hatua chache kutoka kwetu, alimsaidia kukibeba na kukifungua. Alipokifungua tu, mama alirudi nyuma.

"Hii ni urwarwa."

Ilikuwa pombe ya ndizi, imechacha hadi inachemka yenyewe. Mama hakuwahi kuingiza pombe ndani ya ua wake.

"Inzi hawaulizi, mama," alisema dereva, akamimina.

Harufu ile ndiyo iliyonipata harusini. Jua lilikuwa kali, pombe ilikuwa ya moto, na ndagala zilizokuwa zimekauka vizuri zilianza kunywa. Zilivimba. Macho yao yaligeuka meupe. Ukaja uvundo mtamu ambao haukai puani tu, unashuka na kukaa kwenye ulimi, nyuma, pale mate yanapotokea. Na inzi wakaja. Walikuja kutoka kwenye mchanga wa Mama Fideli, kutoka kwenye taka za mawese, kutoka machinjioni, wakatua hadi samaki hazikuonekana tena. Kichanja cha mama kilikuwa cheusi na kinatembea. Bwana Dezire alipumua kwa furaha.

Mama aliambiwa achote samaki zile kwa mikono na kutabasamu. Alichota. Alitabasamu. Nimewaona waigizaji wakubwa tangu wakati huo na bado sijui alilitoa wapi lile tabasamu.

Kisha ikawa zamu yangu. Nililazwa juu ya mkeka, nikapewa kikombe cha uji mwepesi wa muhogo uliochanganywa na mawese kidogo. Nilitakiwa kuuweka mdomoni, mashavu yasivimbe, nilegeze macho, na nikiambiwa, niutoe.

"Usimeze," alisema Bwana Dezire. "Ukimeza tunarudia."

Nilimeza. Sikukusudia. Mimi nilikuwa mtoto aliyefundishwa kwamba chakula kilichoingia mdomoni hakitoki, na mwili wangu ulikuwa na adabu kuliko akili yangu. Tukarudia. Nikameza tena. Uji ulikuwa wa vuguvugu, mawese yaliganda kwenye fizi, inzi walikuwa wakitembea kwenye kope zangu na nilikatazwa kuwafukuza kwa sababu walikuwa wanapendeza. Baada ya vikombe vingi sikuhitaji kuigiza tena. Kilichotoka kilikuwa changu mwenyewe, na kilitoka kwa wingi, hata kwenye viatu vya mpiga picha, ambaye, lazima nimsifu, hakusogea.

"Huyu mutoto ana kipaji," alisema Bwana Dezire.

Alasiri ilinyesha. Bwana Dezire alisema kipande cha pili watakuja kukipiga wiki ijayo, akatuaga kwa shukrani: murakoze sana, murakoze cane. Gari lilipoondoka, mama alizikusanya samaki zote za kichanja kile, akazifukia mbali nyuma ya michikichi, akasugua miti kwa majivu na maji ya moto. Kisha akanisugua mimi kwa utaratibu uleule. Wiki ijayo ikaja bila gari, na nyingine pia. Mama alikuwa akiviacha vichanja tayari kila siku, nyavu safi zikiwa zimetandazwa, kama mtu anayesubiri posa.

Halafu likaja tangazo kwamba filimu itaonyeshwa katika ukumbi wa mji, mchana, watu wote waje.

Mama alivaa kitenge chake cha sikukuu. Aliwaalika watu mwenyewe, akiwapitia mlango kwa mlango, na kwa bahati Bwana Nasoro alikuwa Rumonge siku hiyo, naye akaalikwa. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi. Ndani mlikuwa na jasho la mji mzima, mafuta ya nywele, na mtoto mmoja aliyekuwa amejisaidia. Tulikaa mbele kabisa.

Mwanzoni watu walishangilia. Waliona ufukwe wao, mbuzi wao. Mama alipotokea walipiga makofi. Kisha vikaja vichanja, na picha ikasogea karibu, karibu zaidi, hadi inzi mmoja akawa mkubwa kama kuku. Mikono ya mama ilichota, tabasamu likaja, na nyuma yangu mtu alisema "ee Mungu wangu" kwa sauti ya mtu anayekumbuka alichokula mchana. Nilipotapika, wanawake wawili walitoka nje kufanya kama mimi.

Na sauti nzito kwenye filimu ikasema kwamba mtoto huyu alifariki.

"Mama," nilinong'ona, "nimekufa?"

"Subiri," alisema mama. "Bado kipande cha pili."

Kipande cha pili kikaja. Kilikuwa kimepigwa Gitaza, ambako ni karibu zaidi na Bujumbura. Mama msafi alikuwa dada mmoja wa mjini mwenye nywele zilizonyooshwa na kucha ndefu, ambaye alizishika ndagala kwa ncha za vidole kana kwamba zingemng'ata. Nyuma yake palikuwa na kichanja kipya, wavu mweupe kutoka dukani. Alikuwa na mtoto mwenye mashavu. Sauti nzito ikasema: "Mama huyu hayuko kama yule wa Rumonge."

Hilo ndilo jina lililotajwa, kama Bwana Dezire alivyoahidi.

Mablanketi yalipoondolewa madirishani na jua kuingia, mama hakuinuka mara moja. Alikuwa amenishika mkono, na mkono wake ulikuwa mkavu kabisa. Bwana Nasoro alipita mbele yetu, akagusa kofia yake, akaenda kwenye pikapu yake.

Kesho yake mama akawa Mama Kolera. Mimi nikawa Kolera tu, bila Mama. Shuleni hakuna aliyetaka kukaa nami benchi moja, na aliyelazimishwa alikaa upande upande. Mtoto mmoja aliniuliza kwa dhati huko ahera kukoje. Lakini aliyenichukiza kuliko inzi wote wa Bwana Dezire ni Mama Fideli. Yeye alikuwepo. Yeye alikibeba kile kidumu. Na sasa alisimama sokoni, mikono kiunoni, akisema:

"Miye nawaambia nini? Niliona kwa macho yangu. Inzi hata huoni samaki."

"Uliona wapi?" mtu alimuuliza.

"Kwa filimu."

Wala hakuwa anadanganya, na hilo ndilo linalonitia kinyaa hadi leo. Alichokiona ukutani kilikuwa kimefuta alichokiona ufukweni. Angeapa.

"Mama Kolera, amahoro," alikuwa akimsalimia mama kila asubuhi. "Leo uko unauza ndagala ama inzi?"

"Leo nauza ndagala," alijibu mama. "Inzi walirudi kwako."

Majibu mama alikuwa nayo. Wanunuzi hakuwa nao. Pikapu ya Bwana Nasoro haikufika tena Rumonge. Iliishia Magara, kabla ya kufika kwetu, ikapakia huko na kugeuka. Kwetu magunia yalijaa chumba tulicholala, yakapanda hadi kwenye dari, nami nikalala nikiyaona yakinitazama. Ilisemwa, bila kuniambia mimi, kwamba muhula ujao nisiende shule.

Ndipo mama akabuni filimu yake mwenyewe.

Kila siku ya soko alibeba stuli mbili, akaziweka mbele ya fungu lake, akanikalisha kwenye moja na yeye akakaa kwenye nyingine. Kisha tukala. Hatukupika. Tulichomoa ndagala kavu kutoka chini ya fungu, mbele ya watu wote, tukauma vichwa, tukatafuna, tukasifu. "Tamu leo, Zaina?" "Tamu sana, mama." Mama alikula kama malkia. Alitafuna polepole, akainua pembe ya kitenge chake, akajifuta mdomo kwa adabu, akachukua nyingine. Nilikuwa nikimtazama na kujiuliza anawezaje.

Maana mimi sikuweza. Tangu siku ya kidumu, harufu ya ndagala ilikuwa ikinipanda kooni. Kila kichwa nilichouma kilikuwa kimevimba na jicho lake ni jeupe. Nilijua kwamba hakikuvimba, nilikiona ni kikavu na safi, lakini ulimi wangu haukuelewa hoja. Nilikuwa nahesabu michungwa iliyo ng'ambo ya soko huku nikitafuna. Nilimeza kwa nguvu, nikatabasamu, nikasema tamu. Niliporudi nyumbani nililala kifudifudi juu ya sakafu baridi. Sikumwambia mama. Yeye alikuwa akila bila shida. Ningeanzaje mimi kushindwa?

Watu walisimama kutazama. Kutazama ni bure. Kununua walikwenda kwa Mama Fideli, kwenye mchanga.

Siku moja, kabla ya muhula kufunguliwa, pikapu ikafika. Bwana Nasoro alishuka akiwa amechoka, kanzu imejaa vumbi. Ndagala za Magara zilikuwa zimelia mchanga kwenye meno ya wateja wake, wakamrudishia. Alisimama mbele yetu. Hakuinama kuchomoa samaki.

"Mama Zaina," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu jina langu kutajwa sokoni. "Mimi ile filimu sikuiamini. Lakini wateja wangu wana televisheni. Sasa inaonyeshwa kila Jumamosi. Nitawaambia nini?"

"Waambie umemuona mutoto wa filimu anazila."

Bwana Nasoro alinitazama. "Huyu si alikufa?"

"Muguse," alisema mama.

Alinigusa kweli, begani, kwa kidole kimoja. Watu walicheka, na Mama Fideli akasogea ili asikie vizuri. Bwana Nasoro hakucheka. Aliingiza mkono chini kabisa ya fungu, akachomoa ndagala, akaishika mbele ya mdomo wangu.

"Basi ule hii. Niliyoichagua mimi."

Inzi mmoja alitua juu yake. Mmoja tu. Sijui alitoka wapi. Alikaa kwenye kichwa cha samaki akisugua mikono yake kama mtu anayejiandaa kula. Nilisikia uji wa muhogo ukirudi, na mawese, na kidumu, vyote kutoka chini kabisa. Mama hakunitazama. Alikuwa akitazama mbele, pembe ya kitenge mkononi, na nilijua bila kuambiwa kwamba kama kitatoka kitu mdomoni mwangu, kichanja chetu kimekwisha, na shule imekwisha, na Bwana Dezire alikuwa amesema kweli.

Nilimpuliza yule inzi. Nikauma. Nikatafuna mdomo ukiwa umefungwa, macho yangu kwenye macho ya Bwana Nasoro, nikameza, na nikafanya jambo ambalo hakuna mtu aliyeniagiza: nikanyoosha mkono nikaomba nyingine.

"Huyu mutoto ana njaa tu," alisema Bwana Nasoro. "Wagonjwa hawana njaa." Akainama, akachomoa ya kwake, akauma kwa upande wa kushoto. Soko lote lilisikiliza meno yake.

"Haya," alisema.

Nilikwenda shule muhula ule. Na kwa kuwa sasa nilikuwa nimeonekana kwenye televisheni, ofisi nyingine zikanitaka kwa magonjwa mengine. Mama alikubali, kwa sharti moja ambalo liliwakera watengeneza filimu wote: kipande cha kupona kipigwe kwanza. Alisimama nyuma ya mashine ya kupiga picha, mikono kifuani, hadi nimepona, nimeogeshwa na kupakwa poda, nimecheka, nimepewa cheti cha kupona. Ndipo akaruhusu niugue, hata kufa kama ilibidi. Katika filimu zangu zote zilizofuata, ukiangalia vizuri, mtoto mgonjwa ana alama ya poda nyuma ya sikio.

Ndagala sikuacha kuzila mbele ya watu hadi nilipokwenda sekondari. Baada ya hapo sikuzigusa tena. Nilijiambia kwamba mimi ni dhaifu na mama ni chuma.

Siku chache baada ya ile harusi nilishuka Kigwena, ambako mama anaishi sasa kwa kaka yake, katikati ya michikichi. Ni mzee, macho yake yana ukungu, lakini ulimi wake hauna. Nilimsimulia habari ya bia na ukuta wa ukumbi, nikitarajia anicheke. Alicheka. Kisha akauliza:

"Na zile za sokoni, ulikuwa unafanya je?"

"Nilikuwa nameza."

"Unameza?" Mama aliweka kikombe chini. "Zote?"

"Wewe hukumeza?"

"Mwanangu, mimi tangu urwarwa ile sijameza ndagala hata moja. Nilikuwa natema ndani ya kitenge. Nilidhani umeona. Nilidhani na weye unatema."

Ile pembe ya kitenge, ule ufutaji wa adabu nilioupenda hadi nikauiga katika maisha yangu yote, kwenye mikutano na karamu za wasomi, ulikuwa ni kutema tu. Miaka yote ile tulikaa bega kwa bega, nami nikimwigizia yeye kuliko nilivyoliigizia soko. Mimi nilimeza ili nisimwaibishe. Yeye alinyamaza akidhani najua. Bwana Dezire alipata inzi wake kwa siku moja. Sisi tulibaki nao.

"Ungeniambia," nilisema.

"Na weye ungeniambia."

Mlango ukabishwa. Alikuwa msichana wa jirani, mwenye adabu, amesikia mama ana mgeni kutoka Bujumbura. Alileta sahani iliyofunikwa. Alipofunua, harufu ilitufikia kwanza: ndagala, kavu, safi, zimepangwa kwa duara.

"Ni za kichanja, mama, si za mchanga," alisema msichana, akasimama kusubiri tuonje.

Mama alichukua moja. Aliuma kichwa, akatafuna polepole kama malkia, akasema, "Tamu sana, binti yangu," akainua pembe ya kitenge na kujifuta mdomo. Kisha akanigeuzia uso, na katika macho yale yenye ukungu niliona kitu ambacho katika mwanamke mwingine ningekiita kicheko.

Mimi siku hiyo nilikuwa nimevaa suruali.